Shavu la Kushoto

Nantes, Ufaransa
14 Oktoba 1999

Baba yangu mpendwa,

Hujambo huko bondeni? Mifugo imenona? Shangazi Tserma bado anakuandikia kutoka mjini akulalamikie majirani zake? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na buti ulizonishonea hazijaingiza maji ingawa mvua ya huku haina adabu, inaanza bila kubisha hodi. Mwambie farasi wa kijivu kwamba namwota. Katika ndoto huwa amesimama jikoni kwa Bibi Hortense, anakula mkate juu ya meza, na hakuna anayemshangaa.

Bibi Hortense ndiye mwenye nyumba. Ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu hataki kukitaja. Amenipa chumba cha juu, nami namsomea gazeti kwa Kifaransa changu cha kuokoteza na kumbebea kapu la sokoni. Mgeni huku hangoji siku ya tatu kupewa jembe. Nilipewa langu siku ya kwanza, na limenizoea.

Vituko nimefanya vya kutosha. Juma la kwanza nilitumwa chumvi nyumba ya pili. Nikafungua mlango, nikaingia moja kwa moja huku nikiita, "Shikeni mbwa!" kama tunavyoingia hemani kwa mtu. Hawana mbwa. Walikuwa mezani wanakula, mzee akainuka na uma mkononi. Siku nyingine nilimkanyaga mtu mguu ndani ya tramu, nikampa mkono upesi ili tusije tukawa maadui, yule bwana akadhani tunafahamiana. Aliniuliza habari za mama yangu mpaka kituo cha mwisho.

Lakini hayo ni ya kucheka. Kilichonitia kalamu mkononi ni kingine. Baba, watu wa huku hubusiana. Asubuhi, jioni, mlangoni, kwa mwoka mikate. Na mji huu umezidi: kwingine hubusiana mara mbili, hapa ni mara nne, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Unakumbuka siku niliyoondoka. Ulininusa shavu la kulia pale uwanja wa ndege, kama tunavyoagana kwetu, ukalinusa polepole, kisha ukasema la kushoto utalinusa nikirudi. Ndivyo bibi, mama yako, alivyokufanyia ulipokwenda jeshini, na ulirudi. Sasa nifanyeje? Nikigeuza kichwa, wanabusu sikio. Nimejifunga skafu mpaka chini ya jicho nikasema naumwa jino, lakini jino gani hili lisilong'oka wala kupona? Wameanza kusema msichana wa Bibi Hortense anaringa.

Nifundishe la kufanya, Baba.

Mwanao,
Solongo


Bonde la Tsenkher, Arkhangai
2 Desemba 1999

Solongo wangu,

Mifugo yako imenona? Najua huna mifugo, lakini siwezi kuanza barua kwa kuulizia tramu. Hapa tu wazima. Barua yako ilifika na dereva wa lori la sufu, imekunjika kama sikio la mwanakondoo. Nilipofika kwenye "shikeni mbwa" nilicheka mpaka chai ikanipalia, na mbwa mwenyewe akaingia kuona kuna nini.

Wanasema ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Vizuri, fumba. Lakini sikusikia popote kwamba uwaachie shavu. Acha uongo wa jino, mtoto. Sema ukweli. Sema hili lina mwenyewe. Hata mwizi wa farasi akiona chapa ya moto pajani hufikiri mara mbili, sembuse mwoka mikate.

Wala usidhani ni mzaha wa wazee. Mama yako alipofariki ulikuwa mdogo, nami sikujua kusuka nywele wala kuimba. Nilichojua ni kukunusa kila ukienda shule ya bweni na kila ukirudi. Ulikuwa ukirudi unanuka chaki na supu ya kabichi, na kabla ya siku kwisha unanuka maziwa tena. Hapo ndipo nilipojua umefika. Ulisema miaka miwili. Nangoja, na kungoja si kazi ya kutoka jasho.

Juzi mvua ilinyesha juu ya theluji, usiku ikaganda. Nyasi ziko chini ya kioo, tunaziona ila mdomo wa kondoo hauzifikii. Usihangaike, tumeona mengi.

Baba yako,
Luvsan


Nantes
20 Februari 2000

Baba yangu,

Heri ya Mwezi Mweupe. Umevuka mwaka salama? Mifugo imevukaje? Niambie kwanza habari za barafu, maana barua yako imenikaa kichwani. Hapa siku ya mwaka mpya niliamka mapema, nikapika chai ya maziwa na chumvi, nikarusha matone upande wa kaskazini kupitia dirishani. Mengine yakamwangukia paka wa Bibi Hortense. Huyo ndiye mfugo wangu wa pekee, na amenona kupita kiasi.

Nilifanya ulivyosema. Nilimweleza Bibi Hortense habari ya shavu, naye akanigeuzia mgongo, nikadhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa anatafuta kofia yake. Alinishika mkono tukaenda hadi duka la mikate, watu wamepanga foleni, akagonga sakafu na fimbo.

"Sikilizeni nyinyi! Shavu la kushoto la huyu binti lina mwenyewe."

"Mchumba?" akauliza mke wa mwoka mikate, macho yamemtoka.

"Mchumba wa nini! Baba yake. Anachunga kondoo mbali huko, zaidi ya Urusi. Atakayeligusa atanitambua."

"Na yale manne tutayaweka wapi sasa?"

"Kwani la kulia limejaa?"

Basi tangu siku hiyo mtaa mzima hunibusu shavu la kulia mara nne mfululizo, kama kigogota anavyogonga mti. Wapita njia husimama kutazama. Mzee wa nyumba ya pili, yule wa uma, huvua kofia akifika upande wa kushoto, kana kwamba anapita mbele ya kanisa. Nimeivua skafu, Baba. Natembea uso wazi.

Nimeota tena. Mto wa mji huu ulikuwa umeganda, na wewe unakuja juu yake pamoja na kondoo, bila sauti, unawahesabu kwa kidole. Niliamka kabla hujamaliza kuhesabu.

Kuna jambo jingine, ila nitaliandika siku nyingine.

Mwanao,
Solongo


Arkhangai
3 Juni 2000

Solongo wangu,

U mzima? Bibi wa watu mzima? Paka? Mimi ni mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Masika yalikuwa na upepo mwingi. Shangazi yako Tserma anakusalimu sana, anasema usile nyama ya farasi huko kwa kuwa hujui ilikuwa ya nani.

Habari ya duka la mikate niliwasomea watu, wakanitaka niirudie. Mwambie huyo bibi kwamba angekuwa mwanamume wa kwetu ningempa farasi.

Lakini nimefikiri. Dunia ni pana, na wewe bado kijana. Miaka miwili si amri ya jeshi. Ikiwa kuna kazi huko, fanya. Ikiwa kuna watu wanakupenda, kaa nao. Na hilo shavu usilitie kufuli. Yalikuwa maneno ya mzee siku ya kuagana, na siku ya kuagana mtu husema mengi. Likibusiwa na watu wema, sitakasirika.

Nyota huku ni zilezile.

Baba yako,
Luvsan


Nantes
9 Julai 2000

Baba,

Nitakusalimu baadaye. Kwanza nijibu.

Barua zako zote huzinusa kabla ya kuzisoma. Hukulijua hilo. Mimi nami ni mtoto wa kwetu. Ya Desemba ilinuka mafuta ya kondoo, ngozi, na moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, nikalala nayo chini ya mto. Hii ya Juni ina muhuri wa Arkhangai, lakini inanuka makaa ya mawe.

Nani anachoma makaa ya mawe bondeni kwetu, Baba? Huo ni moshi wa Ulaanbaatar, wa vilimani kwa Shangazi Tserma, ule uliokuwa ukinifanya nikohoe nilipokuwa mwanafunzi. Na nilikuulizia mifugo na barafu, ukanijibu upepo. Mfugaji asiyetaja mifugo yake ana nini cha kuficha?

Kisha unaniambia nikae huku, nigawe shavu. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni. Bibi Hortense alikuja akakaa nami pale chini, na magoti yake yalivyo, tukashindwa kuinuka wote wawili hadi jirani alipoitwa. Nilidhani umenikata. Nilidhani unaumwa na unaniaga. Sema mwenyewe ni lipi. Sitaki kuambiwa habari za nyota.

Solongo


Ulaanbaatar, kwa Tserma
12 Oktoba 2000

Solongo wangu,

Nilimpa dereva barua aipeleke Arkhangai kupigwa muhuri, nikajiona mjanja. Njia ya mwongo ni fupi. Pua ni yangu, nimekurithisha mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Kondoo wamekwisha. Mbuzi wamekwisha. Ng'ombe walikufa wamesimama, tukawakuta hivyo asubuhi. Kwa jirani Batsukh ni hivyohivyo, na ng'ambo ya mto pia. Farasi wa kijivu ndiye aliyebaki, akikwangua barafu kwa kwato mpaka zikatoka damu. Nimemwacha kwa Batsukh, kwa sababu mjini farasi atafanya nini? Nilikunja hema, nikaja kwa dada yangu. Nalinda geti la ghala la saruji. Tserma ananipikia, ananikoromea, tunaishi.

Siumwi. Sikukukata. Nilitaka shavu likuachilie, basi. Lile shavu ni kamba, mtoto, tunaifunga ili mtu arudi nyumbani. Sasa nyumbani penyewe hapapo. Kumvuta mtoto kwa kamba aje kukuta moshi na geti la saruji, huo si ubaba. Niliona aibu. Nimeona aibu tangu masika na bado naona ninapoandika.

Haya, yangu nimetoa. Toa na wewe. Lipo jambo ulilosema utaliandika siku nyingine, na siku nyingi zimepita.

Baba yako,
Luvsan


Nantes
5 Juni 2001

Baba yangu,

Hujambo? Geti linalindika? Shangazi anakoroma au anakukoromea tu? Kadi zangu za majira ya baridi natumaini zilifika. Ziliandikwa "tu wazima" na zilikuwa na haya, kama barua yako ile.

Jambo ni hili. Nimepata nafasi katika chuo cha uuguzi, miaka mitatu, kuanzia Septemba. Niliiomba tangu mwaka juzi bila kukwambia, kwa kuwa nilikuwa nimekuahidi miaka miwili. Jioni nasaidia hospitalini, na napenda kazi hii. Wazee wa huku wanakaa peke yao, Baba, milango imefungwa, na mimi nina mazoea ya kuingia bila kubisha. Lakini tangu ulipoandika habari ya ng'ombe waliosimama, kila nikiishika kalamu niwajibu chuo, mkono unakataa. Mkataa kwao mtumwa. Nakuja Julai. Huenda nikabaki.

Bibi Hortense hajaniuliza kama nitarudi. Amekuwa akinikunjia nguo, akizikunjua na kuzikunja tena. Jana nilimwambia nitampa mabusu manne ya kumuaga siku ya safari. Akanipa shavu la kulia, pale pale, nikambusu. Nilipogeukia la kushoto akalifunika kwa kiganja.

"Hili hapana," akasema.

"Bibi, nawe umeanza?"

"Kwani baba yako pekee ndiye mjanja duniani? Na mimi ni mzee. Na mimi nina haki ya kumngoja mtu."

Kisha akanifukuza nikamtafutie paka.

Nitafika na ndege ya Jumamosi ya pili ya Julai. Usivae koti la jeshi, joto litakuua.

Solongo


Ulaanbaatar
2 Septemba 2001

Solongo wangu,

Umefika salama? Safari haikukuchosha? Mahali ulipokaa kwenye godoro bado pamebonyea, na Tserma hataki pakung'utwe.

Naandika yale niliyoshindwa kusema. Najua ulinuna ulipotua. Ulinisogezea shavu la kushoto pale uwanjani, nami nikachukua begi lako. Siku zikapita, kila asubuhi unanitazama, nami najifanya naona wingu. Tserma aliniita jiwe. Lakini sikuweza, mtoto wangu. Nilikopa shavu hilo nikiwa mtu mwenye hema na kondoo. Sikutaka kulilipa kando ya ghala, katika moshi, ambapo pua yangu haisikii kitu. Ndiyo maana nilisema twende bondeni.

Unakumbuka jinsi farasi wa kijivu alivyokuja mwenyewe, bila kuitwa, akatufuata mpaka pale lilipokuwa hema letu. Lile duara la chini ya hema lilikuwa bado lipo, nyasi zake changa kuliko nyingine. Ukaingia kwa pale palipokuwa mlango, ukapita kushoto kama inavyopasa, ukakaa mahali pako. Hakuna ukuta wala paa, na wewe umekaa mahali pako. Hapo nikakunusa la kushoto. Ulinuka siagi na mvua na dawa ya hospitali, na chini yake, maziwa. Nilikuwa nimeogopa nisingeyakuta.

Ukasema, "Baba, nimefika. Nabaki."

Nilitaka kusema kaa. Nataka ulijue hilo. Neno lilikuwa mdomoni, na lingesemwa na yeyote mwenye moyo. Nilikuwa nimekwisha kuliona hema jipya, na wewe unakamua. Lakini mkono wako ulikuwa shavuni kwako, kiganja wazi, unalifunika. Nikauliza unafunika nini na deni limelipwa. Ukasema hulifikirii lako, unalifikiria la Bibi Hortense, alilolifunika vilevile.

Barua niliisoma, lakini nilidhani ni mchezo wa ajuza. Pale kwenye nyasi nikaelewa. Kuna mzee upande wa pili wa dunia amefunga kamba kwa fundo letu. Hakufundishwa na mama yake, hakuzaliwa nalo, amelichukua kwetu na kuliamini. Je, mimi Luvsan niwe mtu wa kulikata? Watu wa kwetu hawaibi farasi wa mtu aliyewapa chai. Shavu la mzee halichezewi. Dawa ya deni ni kulipa.

Ndiyo maana nikasema rudi, usome, na nikalisema kwa ukali ili lisigeuke mdomoni. Ndiyo maana ulipoondoka, uwanjani nilikunusa la kulia tu. La kushoto nimelikopa upya. Batsukh, ambaye naye ameanza upya na mbuzi wachache, amenipa jike wawili wa kuanzia, nami mwakani nitasimamisha hema ndani ya duara lile. Usije ukanikuta getini.

Usiku nikiwa kazini nahesabu umri wa huyo bibi na kupata woga. Niandikie upesi. Alikuwa mlangoni?

Baba yako,
Luvsan


Nantes
23 Septemba 2001

Baba yangu,

Mifugo imenona? Mbuzi wawili nao ni mifugo, kwa hiyo naruhusiwa kuuliza.

Alikuwa mlangoni.

Alikuwa na kofia na mwavuli, na mvua haikuwapo. Mke wa mwoka mikate anasema majira yote ya joto mtaa mzima umembusu la kulia tu, na aliyejisahau alikula fimbo. Nilishuka na begi, nikakimbia, nikambusu la kushoto. Akanizuia, akasema si hivyo, fanya ya kwenu. Basi nikalinusa polepole, kama wewe. Linanuka sabuni na kahawa.

Kisha naye akavuta pumzi kwenye koti langu, akakunja pua.

"Unanuka farasi," akasema. "Vizuri. Basi ulifika kweli."

Nimeanza chuo. Farasi wa kijivu yumo jikoni kila usiku, na sasa anakula kutoka mkononi mwa Bibi Hortense. Asubuhi nilipita kwa mwoka mikate, wakanibusu la kulia mara nne, na yule mzee wa nyumba ya pili akavua kofia. La kushoto halijaguswa, Baba. Simamisha hema.

Mwanao,
Solongo